Tuta la Lori

Miaka yetu ya kwanza Minnesota, theluji ilikuwa kazi ya watu wengine. Tulipanga fleti, na kabla hatujaamka kuna mtu alikuwa ameshasafisha maegesho na kumwaga chumvi ngazini. Mimi niliyekulia Voi, kwenye vumbi jekundu, niliona ni utaratibu wa nchi: theluji inaanguka, inaondolewa, watu wanakwenda kazini. Tulipohamia nyumba yetu wenyewe Brooklyn Park, ambako Wakenya ni wengi na hukosi wa kukugawia sukuma wiki, tulipata pia njia ya gari: lami ya upana wa magari mawili, kutoka mlango wa gereji hadi barabarani. Ile njia ilikuwa yetu, pamoja na kila kitakachoangukia juu yake.

Tulianza na mabeleshi mawili ya plastiki. Baba Neema alifanya kazi mchana, mimi nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo asubuhi ya theluji tulikutana njiani, yeye akitaka kutoa gari nami nikitaka kuliingiza. Katikati ya msimu, baridi inapokuwa kali, theluji ya huku ni kavu na nyepesi; ikiwa kidogo unaifagia. Shida iko mwisho wa njia. Lori la manispaa likipita husukuma theluji ya barabara pembeni, na pembeni ni kwako. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka punde huwa na kilo 50 hadi 100 hivi. Ile iliyokunjwa na bapa la lori, ikachanganyika na chumvi na vipande vya barafu, inaweza kupita kilo 300, na ukiichelewesha inashika kama zege. Tulimaliza njia nzima bila kutoa jasho, kisha mita mbili za mwisho zikatutoa pumzi.

Baba Neema alipokaribia miaka hamsini nilianza kumfuata na maneno ya kiuguzi. Baridi hubana mishipa ya damu wakati mikono inaudai moyo upige kwa nguvu zaidi, na kila msimu wa theluji nchini Marekani kuna watu wanaoanguka beleshi likiwa mkononi. Alicheka. Halafu mfanyakazi mwenzake, mdogo kwake kwa umri, akalazwa. Hakucheka tena.

Mashine ya kwanza ya kurusha theluji tuliinunua mwezi wa Juni, imeshatumika, kutoka kwa watu waliokuwa wakihamia Arizona. Bei ya Juni na bei ya Novemba si ndugu. Ilikuwa ya aina nyepesi: mhimili mmoja wenye mapanga ya mpira, unaozunguka na kugusa lami kabisa, ukizoa theluji na kuirusha kupitia bomba kwa pigo lile lile. Haina magurudumu ya kuendeshwa na injini. Mapanga yenyewe ndiyo yanayoivuta mbele. Kwa theluji ya kimo cha hadi sentimita 20 hivi, ilikuwa raha tupu. Inaacha lami nyeusi, safi, na mtoto wa sekondari anaibeba mpaka ngazini. Neema aliipenda kuliko sisi sote.

Kwenye tuta la lori, ikapanda juu. Mapanga ya mpira hayana meno ya kuuma barafu, na mashine yenyewe ni nyepesi mno kujikandamiza, basi inapiga magoti juu ya tuta na kunguruma bure. Kwa hiyo kwa misimu kadhaa tulikuwa na mashine ya njia na beleshi la mwisho wa njia, yaani tuliinunulia mashine ile sehemu isiyotusumbua.

Dukani wanakuambia habari za nguvu ya injini na upana wa mdomo wa mashine, inchi 24, 28, 30, kana kwamba unanunua trekta. Aliyenisaidia ni jirani yetu wa mkono wa kulia, mzee aliyezaliwa jimbo hili hili na ambaye bado anasimulia dhoruba ya mwaka 1991, ile iliyoanza siku ya Halloween na kuuachia mji wa Minneapolis inchi 28.4 za theluji. Aliniambia, "Urefu wa njia usikushughulishe. Niambie lori linakuachia tuta la kimo gani." Nikampimia kwa mkono: juu kidogo ya goti. "Basi unahitaji chuma," akasema, na mjadala ukaisha.

Chuma maana yake ni mashine ya hatua mbili. Mbele kuna parafujo kubwa yenye meno, inayovunja barafu na kuisogeza katikati. Nyuma yake kuna feni inayoipokea na kuirusha juu, kwa kasi ya kuipeleka hadi upande wa pili wa uwanja. Parafujo haigusi ardhi, kwa sababu mashine inakaa juu ya viatu vya chuma unavyopandisha na kushusha. Magurudumu yanaendeshwa na injini, ina gia za mbele na za nyuma, na uzito wake unakaribia kilo 100. Inaingia tutani bila kupanda juu yake. Wazo lenyewe ni la zamani: Arthur Sicard wa Quebec alitengeneza mashine ya kurusha theluji, akiifunga kwenye lori, mwaka 1925. Ile ya kusukumwa kwa mkono nyumbani ilikuja baadaye, na kampuni ya Toro, yenye makao hapa hapa Bloomington, ilitoa yake ya kwanza mwaka 1951.

Kitu nilichokihusudu zaidi kwenye mashine ya hatua mbili tuliyonunua ni kidogo kuliko kidole changu: pini inayofunga parafujo kwenye mhimili wake, iliyotengenezwa makusudi ikatike. Gazeti lililoganda ndani ya mfuko wake, kamba ya mbwa, jiwe, kikinaswa, pini inakatika na sanduku la gia linapona. Unatia nyingine ya bei ya chai. Jambo la pili nililisimamia kwa ukali wa kazini. Theluji yenye maji ikiziba bomba, mkono hauingii humo hata injini ikiwa imezimwa, maana parafujo au feni inaweza kuwa imekazwa bado, na ukiondoa kizuizi inazunguka. Kuna kijiti cha plastiki kimebanwa juu ya mashine kwa kazi hiyo. Nimefunga bandeji za vidole vya watu waliokiona ni pambo.

Iliyotushinda ni petroli. Petroli ya huku huchanganywa na ethanoli, na ikikaa tangu Aprili hadi Novemba inaharibika na kuacha utando kwenye kabureta. Kila msimu mpya ulianza kwa kuvuta kamba, kusema maneno yasiyofaa, na kupeleka mashine kwa fundi aliye na foleni ya wiki mbili. Dawa ya kutunza mafuta ilisaidia, tulipokumbuka.

Msimu wa 2022 hadi 2023, ambao hapa Minneapolis ulifikisha inchi 90 hivi, ulimaliza magoti ya Baba Neema. Tukahamia mashine ya betri, nayo ya hatua mbili. Baridi inapunguza chaji, kwa hiyo betri zinalala jikoni karibu na gunia la unga. Msimu uliofuata ulikuwa mkavu ajabu hadi mwisho wa Machi, ilipoanguka theluji nzito yenye maji, na betri zikaisha kabla ya njia. Tangu hapo tunaanza na tuta chaji ikiwa imejaa. Penye wepesi pakibaki, patangoja. Na nikirudi zamu alfajiri nafanya kazi bila kumwamsha jirani.

Shemeji, ambaye njia yake ni ya changarawe, kaskazini ya St. Cloud, hakutaka kusikia habari za betri. Nikamwambia achukue ya petroli ya hatua mbili, inyanyuke juu ya changarawe, na apime tuta na banda lake kwanza. Alinipigia simu kutoka uwanjani kwake. "Shemeji, nimechukua ya inchi 30!" Mlango wa banda una inchi 28. Nilimsikia mkewe akiuliza msumeno uko wapi.