Mbwa mdogo kwa watoto: Usimpime kwa kilo

Mtoto akishaanza kuomba mbwa, haachi. Ataomba asubuhi akivaa viatu vya shule, ataomba tena jioni, na akikuta video ya kijibwa kwenye simu ya baba ataileta mpaka jikoni mama aione. Mzazi anayekubali, hasa mwenye watoto wadogo, huwa na sharti moja: "Basi awe mdogo." Wengi huamini kwamba mbwa mdogo ana meno madogo, anakula kidogo, hawezi kumwangusha mtoto, kwa hiyo hana hatari.

Kuhusu chakula ni kweli. Kuhusu hatari, inategemea. Kuna mbwa wa kilo mbili anayemng'ata kila anayemshika, na kuna wa kilo kumi anayevutwa masikio akaondoka zake polepole.

Familia moja ya Sakina, jijini Arusha, ililiona hilo ilipoanza kutafuta mbwa. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili. Binti wa miaka minane alikuwa ameng'atwa mguuni na mbwa wa mtaani kwao alipokuwa na miaka sita. Jeraha lilioshwa, akachomwa sindano zote za kuzuia kichaa cha mbwa, na mguu ukapona. Woga ndio uliobaki. Kila alipoona mbwa upande wake njiani kwenda shule, alikuwa akivuka barabara mbio bila kuangalia bodaboda wala daladala. Hilo ndilo lililomnyima mama yake usingizi kuliko kovu lenyewe.

Mdogo wake wa kiume, wa miaka mitatu, alikuwa kinyume chake. Hakuogopa mnyama yeyote. Paka wa jirani alimvuta mkia, kuku aliwakimbiza, na mbuzi wa watu alitaka kumpanda.

Cha kushangaza, aliyeomba mbwa ni binti. Wa barabarani aliwaogopa, lakini wale weupe wenye manyoya kwenye simu aliwapenda. "Huyu hawezi kuniuma, Mama," alisema. Baba alitaka mbwa wa kulinda, mkubwa, wa aina ile wanayotumia polisi. Mama alitaka kitu kimoja tu: mbwa ambaye mtoto wake angeweza kumzoea, ili siku moja aache kukimbilia barabarani.

Walianza na majina. Chihuahua ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwa sababu ni mdogo kuliko wote. Jina lake linatokana na jimbo la Mexico, na kwa kawaida uzito wake hauzidi kilo tatu. Lakini udogo huo ndio tatizo penye mtoto wa miaka mitatu. Mifupa yake ni myembamba. Akiponyoka mikononi mwa mtoto na kuanguka sakafuni anaweza kuvunjika mguu. Mnyama anayejua kwamba anaweza kuumizwa hujihami mapema, na silaha yake ni meno. Maltese, yule mweupe wa kwenye video, naye ni mwepesi hivyo hivyo, na manyoya yake marefu yanataka kuchanwa kila siku.

Pug ni mpole na mwili wake umejaa, lakini uso wake bapa humfanya apumue kwa shida, hasa kwenye joto. Arusha ina baridi kidogo. Kwa familia ya Tanga au Dar es Salaam, mbwa wa aina hiyo ni wa kuangaliwa mchana kutwa. Jack Russell ni mdogo na mwerevu, ila alizalishwa Uingereza kwa kuwafukuza mbweha kwenye mashimo. Damu hiyo bado anayo: asipokimbizwa na kuchezeshwa kila siku, atachimba bustani, atatafuna viatu, na atamrukia mtoto. Dachshund, mwenye miguu mifupi na mgongo mrefu, ni wa kuwinda huko Ujerumani. Mgongo wake huumia kwa urahisi, na mtoto mdogo hajui kumbeba mbwa kwa mikono miwili.

Waliobaki kwenye orodha walikuwa watatu. Cavalier King Charles Spaniel anasifiwa kwa upole, ila aina hiyo inajulikana kwa ugonjwa wa moyo, na si rahisi kumpata. Beagle ni mvumilivu na mwili wake unahimili michezo ya watoto, lakini akinusa kitu nje atakifuata, na hana haya ya kulia kwa sauti usiku. Spitz wa Japani, mweupe, wa kilo tano hadi kumi hivi, ndiye aliyewavutia wote. Huyo amezoeleka mijini Kenya na Tanzania, huwa mchangamfu kwa watoto, na hubweka mgeni akigusa geti. Baba akaona angalau kengele ya mlangoni itapatikana.

Muuzaji wa kwanza alitaja bei iliyokaribia ada ya muhula mzima ya binti. Aliwaletea vijibwa vitatu ndani ya boksi, vinatetemeka. Mama aliuliza kama angeweza kumwona mama yao. Akaambiwa yuko mbali. Aliuliza umri wao, akajibiwa, "Wakubwa hao, wanakula wenyewe."

Kabla ya kutoa fedha, mama alimpigia afisa mifugo wa kata. Alitarajia aulizwe ni Spitz halisi au chotara. Hakuulizwa hivyo.

"Mama, huyo mtoto wako mdogo ana miaka mingapi?" afisa aliuliza.

"Mitatu, Daktari."

"Mchana anayebaki nyumbani ni nani?"

"Dada wa kazi."

"Yeye anataka mbwa?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza dada. Alipoulizwa jioni ile, alisema hana tatizo na mbwa, mradi asiambiwe kumwangalia mbwa na mtoto peke yake huku chakula kiko jikoni. Ilikuwa hoja ya msingi kuliko zote zilizotolewa wiki ile, na utaratibu wa nyumba ukapangwa kuanzia hapo.

Afisa alieleza mambo mawili zaidi. La kwanza, mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kufikisha wiki nane. Katika wiki hizo anajifunza kwa mama na ndugu zake kwamba kung'ata kwa nguvu kunaumiza, na mchezo unakwisha. Anayetolewa mapema huja kujifunzia somo hilo kwenye vidole vya watoto wako. La pili, aina ya mbwa inakupa makisio tu, lakini mama mzazi wa mbwa anakuonyesha mengi. Jike mwoga au mkali hulea watoto waoga au wakali. Anayekataa kukuonyesha mama, mwache na mbwa wake.

Akaongeza kwamba mbwa koko asidharauliwe. Basenji, anayefugwa leo Ulaya na Marekani kwa fahari, asili yake ni mbwa wa vijijini huko Kongo. Koko wa kwetu wengi ni wa wastani kwa umbo, wamezoea hali ya hewa yetu, na hawana yale magonjwa ya pumzi na mgongo yanayotokana na kuzalishwa kwa sura. Anachohitaji ni kulelewa na watu tangu udogoni, badala ya kufungwa mnyororo mchana kutwa kisha kulaumiwa kwa ukali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa hali kadhalika.

Ndipo wakapata habari za familia moja huko Tengeru ambayo jike lao, koko mwenye damu ya Spitz, lilikuwa limezaa watoto watano. Walikwenda siku ya Jumamosi. Jike lilikuwa limelala kivulini, watoto wa nyumba ile wanapita karibu nalo, nalo halishtuki. Lilisimama, likawanusa wageni, likarudi kulala. Binti alibaki mlangoni mwa gari.

Watoto wa mbwa walikuwa na wiki tisa. Mmoja alimrukia mvulana na kung'ang'ania kaptura yake. Mwingine alijificha nyuma ya ndoo. Mama, kama alivyoshauriwa, hakumchagua yule mchangamfu kupita wote wala yule mwoga. Alimchagua jike dogo la rangi ya maziwa lililokuja polepole, likanusa kiatu, likakaa. Alipolibeba na kulilaza chali mikononi, lilihangaika kidogo kisha likatulia. Walilipa fedha kidogo tu, pamoja na gharama ya dawa ya minyoo iliyokwisha kutolewa.

Kazi ilianza nyumbani. Sheria ziliwekwa nne, na mvulana akafundishwa kwa wimbo kwa sababu hajui kusoma: mbwa akila, mwache, mbwa akilala, mwache, mbwa akiingia bandani kwake, mwache, mkubwa asipokuwepo, mbwa na mtoto hawakai pamoja. Ile ya pili wahenga waliishaisema: usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe.

Wiki ya pili, mvulana alivunja sheria ya kwanza. Alitia mkono kwenye bakuli la ugali na dagaa, na kijibwa akanguruma. Baba alinyanyua kandambili. "Ameanza! Leo anaunguruma, kesho atamng'ata!"

"Usimpige, Baba watoto," mama alisema. "Ameongea. Tukimpiga kwa kuongea, siku nyingine atang'ata kimya."

Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Mbwa hang'ati ghafla kama wengi wanavyosema. Kwanza hugeuza uso, hulamba midomo, hupiga miayo bila usingizi, huonyesha weupe wa macho, hukaza mwili. Asiposikilizwa hunguruma. Mngurumo ni onyo la mwisho, na anayeadhibiwa kwa kulitoa huacha kulitoa. Mama hakumpiga mbwa wala mtoto. Alimwondoa mtoto, na kuanzia siku ile bakuli likahamishiwa nyuma ya nyumba, mahali mvulana hafiki bila kufunguliwa mlango.

Uangalifu huo una sababu. Watoto wadogo wakiumwa, mara nyingi huwa ni usoni, kichwani au shingoni, kwa sababu ya kimo chao na kwa kuwa hupenda kumwinamia mbwa na kumkumbatia. Na mara nyingi mbwa mwenyewe ni wa nyumbani au wa jirani wanayemfahamu.

Chanjo nayo haina mjadala. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na watu wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Kijibwa huchanjwa kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Chanjo ya parvo na magonjwa mengine huanza mapema zaidi. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni mdogo na jeraha halionekani vizuri.

Minyoo isisahaulike. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye udongo, na mtoto anayecheza chini hutia vidole mdomoni. Dawa kwa ratiba, kuzoa kinyesi kila siku, na kunawa mikono kabla ya kula vinatosha kuikinga familia.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Nyumba ya pili anaishi bibi Mwislamu anayeswali barazani kwake, na kwa Waislamu wengi wa kwetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kabla kijibwa hajaletwa, mama alikwenda kumwamkia na kumweleza. Bibi hakukataa. Aliomba tu mbwa asivuke uzio na asiguse kamba ya nguo. Uzio ukazibwa chini kwa matofali. Kwenye nyumba za kupanga zenye ua mmoja, mazungumzo hayo yafanyike na mwenye nyumba na wapangaji wote, kwa sababu mbwa aliyekataliwa na ua mzima hupigwa mawe, na anayepigwa mawe hugeuka mkali.

Wazazi wapige pia hesabu ya miaka. Mbwa wa umbo dogo huweza kuishi miaka 12 hadi 15. Binti wa miaka minane atakuwa ameshamaliza sekondari, pengine ameondoka nyumbani, na mbwa bado yupo. Kwa hiyo mbwa wa mtoto ni mbwa wa mama na baba, na asiyetaka kumlisha kwa miaka yote hiyo ni heri amnunulie mtoto baiskeli.

Binti alikaa wiki tatu bila kumgusa. Hakuna aliyemlazimisha. Alianza kwa kumrushia kipande cha ugali kutoka dirishani, kisha mlangoni, kisha akakaa kwenye ngazi mgongo ukiwa umemwelekea mbwa, naye akaja kulala karibu na miguu yake, upande wenye kovu. Alifundishwa kusoma masikio na mkia, na kusimama wima kama mti, mikono chini, bila kumkazia macho mbwa asiyemjua.

Wale wa barabarani bado anawaogopa, na mama yake hamwambii aache, kwa kuwa hakuna ajuaye chanjo zao. Lakini sasa akiwaona husimama. Huwasubiri wapite, huangalia kushoto na kulia, ndipo huvuka.