Shemeji Yangu Anafuga Buibui

Wengi mnanijua kwa shela na mabuibui ya harusi ninayoshona hapa Kinyerezi, na maswali mnayonitumia huwa ni ya vitambaa, vipimo na bei. Leo naandika kuhusu buibui wa aina nyingine, yule mwenye miguu minane, kwa sababu nusura avunje harusi ya mdogo wangu. Nimewaomba ruhusa wenyewe wote wawili. Wamekubali, ila nisitaje majina.

Posa ilikuja mwaka jana kutoka kwa familia tunayojuana nayo tangu Unguja. Kijana anaishi Leicester, Uingereza, alikopelekwa na wazazi wake akiwa na miaka 11. Anafanya kazi, anaswali, maneno yake machache. Wazee wetu waliuliza yote yanayoulizwa: dini yake, kazi yake, kama ana mke mwingine huko, kama ana madeni. Hakuna aliyefikiria kuuliza kama anafuga kitu.

Siku moja wakizungumza kwa video, mdogo wangu akaona nyuma yake rafu yenye vikopo vya plastiki safu kwa safu, kila kimoja kina kibandiko. Akadhani ni viungo vya pilau. Alipouliza, kijana akajibu kwa raha zake kwamba ni watoto wa buibui, kama mtu anayekuambia ana vifaranga uani.

Nyumbani kukawaka moto. Mama akasema kama si uganga basi ni akili. Akatukumbusha Suratul Ankabut na mfano uliotolewa humo wa udhaifu wa nyumba ya buibui, akauliza ni mzazi gani anampeleka mwanawe kwenye nyumba hiyo. Shangazi alitaka barua ya posa irudishwe wiki ileile. Mdogo wangu akaja dukani, akakaa pembeni ya mashine ya overloki, akaniuliza, "Dada, nifanyeje? Namtaka, lakini nikifikiria chumba kile mwili unanisisimka."

Nikamwambia tusihukumu kitu tusichokijua. Mwambie atupigie, atuonyeshe kopo kwa kopo, na mama awepo.

Buibui gani hawa

Shemeji alipiga Jumapili, akatueleza kwa muda unaozidi saa nzima. Buibui wake ni wale wakubwa wenye manyoya wanaoitwa tarantula. Tarantula wengi huchimba mashimo ardhini, ila wapo wachache wanaoishi juu ya miti, na hao ndio anaowapenda. Wengi wake ni wa jamii ya Avicularia, asili yao ni misitu ya Amerika ya Kusini. Huko Uingereza kufuga tarantula ni jambo linalojulikana, mpaka wana chama chao, British Tarantula Society, na maonyesho.

Alipotuonyesha mmoja aliyekomaa, mdogo wangu alifumba macho, mimi nikaangalia. Mwili wote mweusi, na ncha za miguu zina rangi ya waridi. Nikasema, huyu kavaa buibui lake na hina mguuni! Mama akacheka bila kupenda. Shemeji akatuambia kwa watoto rangi huwa kinyume: mwili na miguu ni ya waridi, ncha ndiyo nyeusi. Wakikua hubadilika.

Kisha akasogeza simu kwenye vikopo vinne vilivyokaa peke yake. Hao, akasema, ni wa kwetu. Kumbe Tanzania tuna tarantula wetu wa mtini, jina lake la kitaalamu ni Encyocratella olivacea. Alielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1907 na Embrik Strand, mtaalamu wa buibui kutoka Norway, wakati huo nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani, na haishi porini kwingine kokote duniani. Nimezaliwa visiwani, nimekaa Dar miaka mingi, sikuwahi kumsikia. Nimemjua kupitia mtu aliyeko Leicester.

Malezi yenyewe

Mtoto wa buibui akitengwa na wenzake ni mdogo kama kifungo cha shati. Jike hutaga mayai, huyafunga kwenye kifuko cha hariri na kukilinda. Wanaotoka ni wengi, wanaweza kufika mia na zaidi, na hutengwa kila mmoja na kopo lake kwa sababu ndugu hulana.

Kopo lenyewe ni refu kuliko pana, maana kiumbe wa mtini anataka kupanda. Ndani kuna udongo kidogo chini, kipande cha gome kilichosimamishwa, na jani la plastiki la kujifichia. Mtoto hupanda mpaka juu na kujifumia bomba la hariri, ndiyo nyumba yake. Kwa hiyo kopo likifunguliwa ovyo kwa juu, nyumba yote inachanika. Shemeji hufungua taratibu, na kama mtoto kaunganisha nyumba yake na kifuniko, anatafuta njia nyingine ya kupitisha chakula.

Chakula chao ni wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana, na baadaye nyenje wachanga. Anawalisha mara moja au mbili kwa wiki. Chakula kisipoliwa anakitoa, kwa sababu nyenje akiachwa na buibui anayejivua ngozi, anayeliwa huwa ni buibui. Maji ni matone machache kwenye utando au ukutani mwa kopo, mtoto anakuja kunywa mwenyewe.

Kujivua ngozi ndiko kulikonigusa mimi fundi cherehani. Buibui hakui kama sisi, ngozi yake ya nje hainyumbuki. Ikimbana anaacha kula, anajifungia ndani ya hariri yake siku kadhaa, kisha anaivua nzima, miguu yote minane, kama mtu anayevua soksi. Wakati huo haguswi wala hasumbuliwi. Akitoka ni laini, hata meno yake ni meupe na hayana nguvu, anaachwa siku kadhaa yakauke kabla ya kulishwa. Shemeji ana daftari la kila kopo: lini alikula, lini alijivua, lini alikataa chakula. Mama alipoliona daftari lile alinyamaza. Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa daftari.

Waliokufa

Mdogo wangu akamwuliza swali zuri: kwani hawafi? Akasema wanakufa, na akaeleza bila kuzunguka.

Watu wengi waliamini kwamba kwa kuwa Avicularia wanatoka kwenye misitu ya mvua, basi watoto wao wawekwe kwenye unyevu mwingi, kopo lifungwe, maji yanyunyizwe kila siku. Watoto wakawa wanakufa bila sababu kuonekana. Mvua inanyesha msituni, ni kweli, lakini juu ya mti kuna upepo unaopita na kukausha. Ndani ya kopo lililofungwa hewa inasimama, ukungu unaota, mtoto anadhoofika. Siku hizi wafugaji wanatoboa matundu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, na udongo unaloweshwa upande mmoja tu, mwingine unaachwa mkavu, mtoto achague.

Yeye mwenyewe alianza na watoto 12. Baridi ya kwanza ilipoingia akaogopa wataganda, akaziba matundu kwa utepe na kuongeza maji. Watano walikufa mwezi mmoja. "Dada," akaniambia, "niliwaua kwa kuwaonea huruma."

Neno hilo nimekaa nalo sana. Katika kazi yangu nimeona mabibi harusi wakizimia ukumbini. Hawazimiwi na uzito wa gauni, wanazimia kwa kubanwa. Tabaka tatu za kitambaa kisichopitisha hewa, mkanda umekazwa, joto la Februari la Dar es Salaam, na kila ndugu anayepita anamwekea pini nyingine kwa mapenzi. Kiumbe dhaifu hakiumizwi na ukatili peke yake. Kinaumizwa pia na mapenzi yasiyouliza kinahitaji nini.

Dini na biashara

Mama hakuridhika mpaka tukaenda kwa ustadhi wa mtaani kwetu. Alituanzia na ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Kosa lake lilikuwa kumfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Kwa hiyo, akasema, anayemfungia kiumbe amejitwisha amana. Akimlisha, akimpa nafasi, asimtese, na wala asimdhuru mtu kwa kiumbe huyo, hawezi kusema ni haramu. Na katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, yumo mtoto aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume akawa anamwulizia habari zake kwa upole.

Kisha akauliza: anawauza? Shemeji alikuwa akiuza watoto waliozidi. Ustadhi akatueleza kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, kuuza wadudu wasio na manufaa yanayotambulika hakusihi, akamshauri ajitenge na pesa hiyo. Tulidhani atabishana. Akasema atawagawa bure kwa wafugaji wenzake, na toka siku ile hajauza hata mmoja. Kwangu mimi, hilo lilikuwa jibu kubwa kuliko yote tuliyoyapata.

Kuna jambo lingine. Vijana wa jirani waliposikia habari hii walianza kuulizana kama wanaweza kwenda msitu wa Pugu kusaka buibui wawapeleke Ulaya. Shemeji aliwakatalia kwa ukali ambao hatukuujua. Wake wanne wamezaliwa Ulaya, kwenye makopo, kwa wazazi waliokuwa wanafugwa. Kutoa kiumbe msituni si sawa na kuokota embe. Tangu mwaka 2009 tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Tena tarantula hukua polepole, jike huchukua miaka kukomaa. Msitu ukichotwa leo haujai kesho.

Masharti ya mdogo wangu

Mdogo wangu hakugeuka mpenda buibui. Anaogopa mpaka leo. Ila alijua sasa anaogopa nini, akaketi na kalamu. Chumba cha buibui kiwe na kufuli, na ufunguo mmoja uwe wake. Chumba cha kulala na mahali pa kuswalia pasiingie kopo. Idadi isiongezeke bila wao kushauriana. Asilazimishwe kushika, kulisha wala kutazama.

La mwisho lilikuwa gumu. Wale wanne wa Tanzania si wapole kama Avicularia. Tarantula wa Afrika hawana manyoya ya kuwasha kama baadhi ya wenzao wa Amerika, silaha yao ni kuuma, tena wana kasi. Mdogo wangu akasema Allah akiwajaalia mtoto, kabla hajaanza kutambaa hao wanne waende kwa mfugaji mwingine. Shemeji alikaa kimya muda mrefu. Ndio kitu cha kwetu alichokuwa nacho chumbani kwake. Halafu akasema, "Sawa. Mtoto kwanza."

Nikah ilifungwa Shawwal hapahapa Kinyerezi, alhamdulillah. Shela niliishona mwenyewe, ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mama alikaa mbele. Shangazi alikuja pia, ingawa mpaka leo akimtaja shemeji anasema "yule wa wadudu". Mdogo wangu anasubiri viza, na siku hizi mumewe akifungua daftari kwenye simu, yeye ndiye anayeuliza nani kala na nani kajifungia.

Dada zangu mnaoposwa, mkiuliza kuhusu mwanamume msiishie kwenye kazi na nyumba. Ulizeni yuko vipi na kilicho dhaifu mikononi mwake: paka, kuku, mgonjwa, mtoto wa dada yake. Akikosea, anasema au anaficha? Akiambiwa jambo la dini linalomgharimu pesa, anafanyaje? Na wewe ukiwa na hofu, itaje kabla ya ndoa, iandike masharti, usiingie nayo kimyakimya ukitumaini itaisha yenyewe. Sharti la halali si utovu wa adabu, ni haki yako.

Mniombee mdogo wangu viza itoke kwa heri, nami nawaombea nyote nyumba zenye hewa na rehema. Wabillahi tawfiq.