Siku Tatu Mjini

Watu wa visiwani wana msemo usiochakaa: tembea uone. Msemo huo hausemi tembea uonyeshwe. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo mdomoni, lakini mzazi anayewatembeza wanawe mjini akiisahau, safari yake hugeuka darasa lisilo na kengele ya mapumziko.

Baba mmoja wa Wete, Pemba, nusura aisahau. Mwezi mmoja kabla ya likizo ya Disemba aliketi barazani na daftari, akaanza kupanga safari ya siku tatu kwenda Mji Mkongwe wa Unguja, yeye na mkewe, binti yao wa miaka kumi na mmoja na mdogo wake wa kiume wa miaka saba. Watoto walikuwa hawajapata kuvuka bahari. Baba alitaka waone kila kitu. Daftari likajaa: Ngome Kongwe, Kasri, Forodhani, Soko la Darajani, Mkunazini, Mtoni, Changuu, hata yakatimia mahali kumi na saba. Mkewe aliposomewa orodha ile aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, hii ni safari au ni mtihani?"

Mama akaichukua kalamu. Alipanga jambo moja kubwa kila asubuhi, wakati kuta bado zinavitia vichochoro kivuli. Adhuhuri ni kurudi, kula na kulala. Alasiri haikuandikiwa kitu. Kila mtoto akapewa kuchagua mahali pake. Mdogo alichagua kobe wa Changuu bila kusita. Binti alichagua Mtoni, kwenye magofu ya kasri alimozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, kwa kuwa alisikia skuli kwamba bibi huyo alijifunza kuandika mwenyewe, kwa siri, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Pakabaki mstari mmoja uliozusha maneno: Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Mama mzazi wa baba, aliyekuwa akichambua karafuu pembeni, hakuinua uso. "Kule kuna nini cha kuwafunza watoto?" alisema. "Waonyesheni milango, walisheni urojo, mrudi nao salama."

Hakuongeza neno, wala baba hakuuliza. Aliujua ukimya ule tangu utoto wake. Katika nyumba hiyo nasaba ilipohesabiwa, ilifika kwa bibi yake Bibi, kisha mtu mmoja huagiza kahawa na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Mikarafuu ya Pemba ilipandwa kwa mikono mingi isiyoulizwa kama yataka. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na mwaka huo hauko mbali kama watu wanavyopenda kudhani. Ni masafa ya bibi wa bibi.

Mstari haukufutwa, wala haukupigiwa mstari wa pili. Uliachwa.

Siku ya kwanza ilikuwa ya milango. Watoto walipewa kazi ya kutofautisha ile yenye kichwa kilichonyooka, inayonasibishwa na Waarabu, na ile ya upinde juu, inayonasibishwa na Wahindi. Kisha watafute samaki, mnyororo na yungiyungi katika nakshi. Mdogo aliamua kuhesabu vishina vya shaba. Alipofika mia mbili na kitu akapotewa na hesabu, akaanza upya kwenye mlango mwingine, na hakuna aliyemwambia kwamba anajifunza. Jioni walikunywa maji ya miwa Forodhani, wakawatazama vijana wakijitupa baharini kutoka ukutani. Hapo baba aligeuka kulitazama Beit al Ajaib. Akiwa mwanafunzi aliwahi kuingia ndani ya jumba lile la mwaka 1883, akasimama mbele ya mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba bila msumari, uliojengwa kwa mfano wa mitepe ya zamani. Aliwaahidi watoto kwamba atawasimamisha pale aliposimama yeye. Lakini tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba iliporomoka na kuua watu wawili, na ahadi ile ilikuwa imepitwa na wakati kabla ya kutolewa. Basi alichukua kalamu, akauchora mtepe nyuma ya tiketi ya boti. Mdogo aliikunja tiketi ile akaitia mfukoni.

Siku ya pili ilikuwa ya kobe asubuhi na ya Mtoni alasiri. Baba alikuwa tayari kueleza kwamba gereza la Changuu, lililojengwa miaka ya 1890, liliishia kuwa karantini. Hakupata wa kumsikiliza. Mdogo alikuwa amechuchumaa na jani mkononi mbele ya mnyama mwenye umri kuliko nyumba yao, akisubiri shingo itoke. Alisubiri kwa muda ambao hajawahi kuusubiria chakula wala sala.

Siku ya tatu, baada ya chai, binti mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Leo ndiyo Mkunazini?" Wazazi walitazamana. Wakakubaliana kwamba mdogo abaki na mama yake Darajani, achague embe, na binti aende na baba.

Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Juu ya kiwanja hicho likajengwa kanisa la Kianglikana, chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Waswahili na kuandika sarufi ya lugha yao. Nje ya kanisa yapo masanamu yaliyowekwa mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa mnyororo shingoni. Karibu yake kuna vyumba vya chini, vya dari fupi. Baba alimweleza binti ukweli wote: kwamba wageni huambiwa watumwa waliwekwa mle, na kwamba wapo wanahistoria wanaosema vyumba vilijengwa baada ya soko kufungwa. Lakini juu ya soko lenyewe hakuna mwenye shaka.

Binti alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu. Kisha akauliza: "Baba, sisi tulikuwa upande gani?"

Baba alikuwa amejiandaa kwa tarehe na majina ya masultani. Hakujiandaa kwa swali hilo. Angeweza kusema kwamba mambo hayo ni ya zamani, na binti angenyamaza, na ukimya wa nyumba ungepata mrithi mwingine. Alisema: "Sijui kwa hakika, mwanangu. Nadhani tulikuwa upande wa mnyororo. Huenda na upande wa pili pia. Damu za hapa zimechanganyika."

"Bibi anajua?"

"Bibi anajua."

Alasiri ile isiyoandikiwa kitu ndiyo iliyobeba uzito wa safari nzima. Walikaa barazani kwa mwenyeji wao wakila embe, na mama akawasimulia habari za Siti binti Saad: mwanamke wa Fumba, wa familia yenye asili ya utumwa, aliyekuja mjini akitembeza vyungu katika vichochoro hivyo hivyo, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay na kuuzwa katika santuri. Binti aliuliza kama watu walimcheka kwa asili yake. Mama akasema wapo waliomcheka, na majina yao hayakumbukwi.

Waliporudi Wete, kobe ndio waliotangulia kusimuliwa. Bibi alicheka hadi akafuta machozi kwa upembe wa kanga. Mtepe ukatolewa mfukoni, ukasifiwa. Binti alikaa karibu na ungo, akaanza kuchambua karafuu pamoja na bibi yake, asiseme kitu.

"Mkunazini mlifika?" Bibi aliuliza mwenyewe.

"Tulifika, Bibi."

Vidole vya bibi viliendelea kutenga karafuu na makonyo. Kisha akataja jina moja, jina la mwanamke, lisilofuatiwa na jina la baba. "Huyo ndiye bibi yangu," alisema. "Alikuwa akinisuka nywele."

Binti alimwomba alitaje tena, polepole. Alilichukua daftari la baba, akaliandika jina hilo chini ya orodha ya mahali kumi na saba, ambapo zaidi ya nusu hawakufika.