Barua Zipo, Programu Imegoma

Nilianza kula riziki ya kompyuta enzi ambazo intaneti ya Dar es Salaam ilikuwa ikishuka kutoka angani. Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ofisi za eneo la Posta na zile za jirani na bandari zilitegemea madishi ya setilaiti yaliyofungwa juu ya mapaa, na bili yake ilimtoa mwenye ofisi jasho. Wateja wangu wakubwa walikuwa mawakala wa forodha. Hawa hawakuwa na ubavu wa kukaa hewani kutwa wakisoma barua pepe. Waliziteremsha asubuhi, wakakata mawasiliano, wakazisoma kwa nafasi ndani ya Outlook Express, na baadaye Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 na lilikuwa bure. Nafasi kwenye seva nayo ililipiwa, kwa hiyo barua ikishashuka ilifutwa huko ilikotoka. Nakala iliyobaki duniani ikawa moja tu, ile iliyomo kwenye kompyuta ya karani.

Hapo ndipo palipokuwa na mkate wangu. Simu ililia, na sauti ikawa ya mama mmoja, karani mkuu wa ofisi ya kutoa mizigo: “Fundi, njoo upesi, barua zimekataa kufunguka.” Nilipofika sikuthubutu kugusa kibodi kabla ya shikamoo.

“Marahaba. Meli iko nangani, hati zimo humo, na humo hamfunguki.”

“Jana umeme ulikatika, mama?”

“Lini haukatiki?”

Swali hilo nililiuliza katika kila ofisi niliyoingia, hasa miaka ya mgawo mkali wa umeme, 2006 na 2011. Programu ya barua pepe huandika kwenye diski muda wote: inaandika barua iliyoingia, inaandika fahirisi ya barua, inaandika mipangilio. Umeme ukizimika katikati ya kuandika, faili linabaki nusu. Swali la pili lilikuwa nani mwingine amegusa kompyuta. Jibu lake huchelewa, maana kila ofisi ina mpwa wa mtu anayejua kompyuta.

Ukibofya alama ya Thunderbird ikakuambia kwamba tayari inafanya kazi ila haijibu, aghalabu inasema kweli. Dirisha lilifungwa, lakini programu yenyewe haikufa. Imebaki nyuma ya pazia na imeshikilia folda ya barua, haimruhusu mwingine aiguse, hata kama mwingine huyo ni yeye mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafute kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, iue, kisha uifungue upya. Ofisi kadhaa zimenilipa kwa kazi hiyo tu, na dhamiri haikunisuta.

Kuna siku nilikuta programu iliyodaiwa kugoma imefunguka vizuri kabisa, ila iko nje ya kioo. Bosi alikuwa na vioo viwili, kimoja kikahamishiwa chumba kingine, na programu ikaendelea kufungukia kwenye kioo kisichokuwepo. Nikabonyeza kitufe cha Windows na Shift pamoja na mshale, ikaruka ikarudi. Bosi alicheka, akaagiza chai.

Penye ugonjwa wa kweli, jambo ambalo wateja na mafundi wengi hawalijui ni kwamba barua hazikai ndani ya programu. Thunderbird yenyewe hukaa kwenye Program Files. Barua, anwani, nywila na mipangilio hukaa kwenye folda nyingine iitwayo profaili, yenye jina la herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo, ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Nilipomweleza mama karani, akaniuliza, “Yaani mlango umekwama, mali iko ndani?” Nikamwambia ndivyo hasa.

Ndiyo maana kuondoa programu na kuiweka upya mara nyingi ni kazi bure: kama kasoro iko kwenye profaili, profaili haijaguswa. Mimi huifunga programu kabisa, nikanakili profaili nzima kwenye diski ya nje, na hapo ndipo matibabu yanaanza. Kwanza naifungua huku nimeshikilia Shift, ili iamke bila viongezi, zile programu ndogo za ziada zinazobandikwa juu yake. Ikiamka, mkosaji ni kiongezi fulani, navizima kimoja kimoja. Outlook nayo ina mlango huo, ila kwake unashikilia Ctrl. Isipoamka, naiita kwa kuongeza -P kwenye amri yake, natengeneza profaili mpya iliyo tupu. Hiyo mpya ikifunguka, programu ni nzima. Kilichobaki ni kuhamisha barua.

Kwenye kuhamisha panataka macho. Ndani ya profaili utaona mafaili yanayokwenda mawilimawili: Inbox na Inbox.msf, Sent na Sent.msf. Lenye mkia wa .msf ni fahirisi tu. Likiharibika unalifuta, programu inajitengenezea jingine. Lisilo na mkia ndilo barua zenyewe, zote, zimepangwa moja baada ya nyingine ndani ya faili moja. Ubahili huu wa mafaili una hatari yake. Programu ya kupambana na virusi ikikuta kirusi kwenye barua moja tu, inaweza kulikamata faili zima na kuliweka kizuizini, na asubuhi karani anakuta sanduku jeupe.

Tangu toleo la 68 la mwaka 2019 kuna mtego mwingine. Profaili iliyokwishafunguliwa na toleo jipya hukataliwa na toleo la zamani, na programu inakushauri utengeneze profaili mpya. Mpwa anakuja na flashi yenye toleo la miaka iliyopita, analiweka, anakubali ushauri, na ofisi nzima inazimia mbele ya ukurasa mtupu. Dawa ni kurudisha toleo jipya na kuchagua profaili ya zamani. Hakuna kilichopotea.

Kilichopotea nilikiona kwenye ofisi nyingine, ambayo sitaitaja. Programu iligoma, wakamwita fundi wa bei nafuu, akaamua kupiga Windows upya. Alikuwa mwangalifu kwa kipimo chake: alihifadhi Desktop na My Documents. AppData hakuijua. Nilipoitwa mimi, Windows mpya ilikuwa imekaa juu ya barua za miaka. Nilitafuta kwenye diski vipande vya maandishi, kwa kuwa kila barua katika mafaili hayo huanza na mstari wenye neno From, na huo unaweza kuutafuta hata faili likishafutwa. Nilipata barua zilizokatika katikati, ankara zisizo na jumla, viambatisho visivyofunguka. Mwenye mali alikaa pembeni yangu akisoma majina ya wateja wake kadiri yalivyojitokeza. Lawama zote alimtupia yule fundi. Nusu ya lawama ni yake yeye mwenyewe, kwani biashara nzima ilikaa kwenye diski moja, na fedha ya diski ya pili ilikuwepo.

Siku hizi barua nyingi zinabaki kwenye seva, na vijana wanasema habari hizi zimepitwa na wakati. Bado napigiwa simu, kwa sababu mipangilio ya zamani ya kuteremsha na kufuta haijawahi kubadilishwa katika ofisi nyingi, wala hakuna anayejua kwamba ipo.

Kwa hiyo wewe unayetumia programu ya aina hii, fanya kazi hii leo ikiwa bado inafunguka. Ifunge, andika %APPDATA% kwenye sehemu ya anwani ya folda, nakili folda ya Thunderbird kwenye diski ya nje. Mwenye Outlook atafute faili lenye mkia wa .pst. Na fundi akija kupiga Windows, muulize kwanza atahifadhi nini. Akikujibu Desktop na Documents, mpe nauli yake umsindikize.