Bandari Ndogo za Nyanza ya Kusini

Wasomaji wengi wamepata kufika Kisumu, na wengine wameiona Mwanza au Port Bell. Lakini ni wachache waliotembelea bandari ndogo zilizo upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, yaani ile iliyoitwa zamani Ghuba ya Kavirondo, na kuendelea hata mpaka wa Tanzania. Mimi nilizaliwa karibu na Homa Bay, na nilipokuwa mtoto nilihesabu siku za juma kwa honi ya meli. Sasa nimestaafu kazi ya ukarani, nafasi ninayo, basi niliazimia kuifuata njia ile ya meli kituo kwa kituo, ili nione kilichobaki. Neno moja niseme mapema: njia ya meli niliifuata kwa matatu na pikipiki.

Homa Bay ni mji uliojengwa chini ya kilima cha Asego. Mtu akipanda kilima hicho asubuhi, kabla jua halijawa kali, ataiona ghuba imetandazwa mbele yake kama mkeka, na ng'ambo ya maji, upande wa kaskazini, ataona vilele vya milima ya Homa. Zamani mji huu ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya South Nyanza, na tangu mwaka 2013 ni makao ya Kaunti ya Homa Bay. Tarehe 1 Juni 2025 sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa hapa kwa ajili ya taifa zima, na jambo kuu la siku ile lilikuwa uchumi wa buluu, maana yake mapato yatokayo katika maji. Wageni walikuja kwa maelfu. Nilimwuliza mzee mmoja muuza magazeti ni wageni wangapi aliowaona wakishuka gatini. Alicheka sana, wala hakunijibu.

Nilishuka mwenyewe hadi majini. Palikuwa na mashua za wavuvi zilizovutwa pwani, vijana wawili wakiosha pikipiki ndani ya ziwa lile lile ambalo akina mama walikuwa wakiteka maji hatua ishirini mbele, na makorongo wakubwa wakingoja matumbo ya samaki kwa subira ya wazee wa baraza. Harufu ya omena ilikuwa ile ile ya utoto wangu. Kilichokosekana ni umati wa watu wenye mizigo, wakitazama upande mmoja.

Vijana wetu hawana budi kuelezwa jinsi mambo yalivyokuwa. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, wakati mji ule ukiitwa Port Florence. Meli za kwanza kubwa, kama Winifred na Sybil, ziliundwa Uskochi, zikafunguliwa vipande vipande, zikavushwa bahari hadi Mombasa, zikapakiwa katika mabehewa, kisha zikaunganishwa tena Kisumu. Hata MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ililetwa kwa namna hiyo hiyo. Na baada yake zikaja Umoja na Uhuru, ambazo ziliweza kumeza mabehewa ya gari moshi pamoja na mizigo yake. Fikiri, msomaji, meli nzima kusafiri kwa reli na kupandishwa milima, ili ije ielee katika maji yaliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100!

Meli kubwa zilizunguka ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Sisi wa ghubani tulihudumiwa na meli ndogo zilizopita Kendu Bay, Asembo, Homa Bay na kwingineko, zikirudi Kisumu kukutana na gari moshi. Kwa hiyo mkulima wa Homa Bay aliweza kuketi juu ya gunia lake katika daraja la tatu, akabadili chombo Kisumu, akafika nchi nyingine bila kukanyaga vumbi la barabara. Pamba ilisafiri hivyo, na mahindi, na barua, na walimu waliohamishwa, na maharusi.

Nilipokuwa Nairobi kazini nilipata kusoma habari za mji mmoja mdogo wa pwani ya Uingereza uitwao Newhaven, pale mto Ouse unapoingia baharini. Reli ilifika huko mwaka 1847, na mpaka leo feri huvuka kutoka hapo kwenda Dieppe katika Ufaransa, safari ya kiasi cha saa nne. Si mji wa fahari, wala wageni hawakai; hupita tu. Lakini mtu aliye mbali anaweza kutazama ratiba akajua chombo kitaondoka siku gani na saa ngapi, na kwa sababu hiyo mji ule unajulikana kuliko ukubwa wake. Niliposoma habari hizo nilikumbuka kwetu. Nadhani kinachoufanya mji kuwa bandari ni chombo chenye siku yake na saa yake. Gati peke yake ni mahali pa kuanikia omena.

Marehemu mama yangu hakujua kusoma, lakini ratiba ya meli aliijua kichwani. Alikuwa akiuza njugu na simsim Kisumu. Kwa kuwa alijua siku ya meli, alijua pia siku ya kung'oa njugu, siku ya kuzikausha, na siku ya kumwomba jirani amtazamie watoto. Hata madeni katika duka la Mhindi yalifuata mwendo huo: watu waliandikiwa kulipa meli itakaporudi, na meli ilirudi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa kama mali ya marehemu. Victoria na Umoja zikaenda Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka ule ule, usifunguliwe tena mpaka mwaka 1983. Meli za ghubani ziliendelea kwa muda, lakini kwa kudorora, leo ipo kesho haipo, na chombo cha namna hiyo humfundisha mtu kutafuta basi. Kisha katika miaka ya 1990 gugu maji likaingia, na mwaka 1998 sehemu kubwa ya ghuba ilikuwa imefunikwa kijani kibichi kama shamba, mashua zikikwama humo kama ng'ombe katika tope. Wadudu walioletwa kulila, pamoja na mawimbi, walilipunguza sana, lakini halijaisha; upepo ukigeuka hurudi. Mama alikwisha kuanza kupanda basi zamani. Alilichukia mpaka mwisho, akisema linamtikisa tumbo, na kwamba kondakta wa basi hamheshimu mtu kama karani wa meli alivyomheshimu.

Kutoka Homa Bay nilipanda matatu kwenda Mbita kwa barabara ya lami, tukiliacha upande wa kushoto bonde la Lambwe na hifadhi ya Ruma, ambamo wamo korongo wa nyikani, yaani wanyama wenye pembe zilizopinda nyuma, wasiopatikana porini penginepo katika Kenya. Na Mbita ilinifurahisha. Huko iko feri inayochukua magari na watu, ikivuka hadi Luanda K'Otieno upande wa Siaya mara kadhaa kila siku, nayo ina saa zake. Nilikaa chini ya mti nikaangalia jinsi saa hizo zinavyouendesha mji. Kabla feri haijaonekana, mama mmoja alianza kukaanga mandazi. Ilipoonekana, waendesha pikipiki walijipanga. Ilipogusa nchi, chai ilikuwa tayari, samaki amekwisha kugeuzwa upande wa pili, na mtu wa duka la simu amefungua mlango. Magari yalipokwisha kushuka na mengine kupanda, wote walipumzika. Hapakuwa na mtu aliyewaamuru. Nilimwambia kijana aliyeketi karibu nami kwamba hivi ndivyo Homa Bay ilivyokuwa. Aliniitikia kwa adabu, lakini nilitambua kwamba hakuniamini.

Karibu na hapo liko daraja la kwenda kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kwanza, katika miaka ya 1980, mlango wa maji ulizibwa kwa kujazwa mawe na udongo ili watu wapite, jambo lililowafaa wasafiri lakini likazuia maji yasitembee, hata wavuvi wakalalamika sana. Katika miaka ya karibuni boma lile lilifunguliwa na daraja likajengwa, na maji yakapata njia yake.

Toka Mbita kwenda kusini kupitia Sindo na Magunga sitaieleza sana njia. Milima ya Gwassi ni mizuri ajabu. Mgongo wangu haukuwa na nafasi ya kuitazama.

Nilishukia Sori, katika Ghuba ya Karungu, na hapo msafiri yumo katika Kaunti ya Migori. Ukiiona Sori leo, na masanduku yake ya samaki na vijana wake wenye haraka, hutadhani kwamba mahali hapa paliwahi kuwa mlango wa nchi yote hii. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, Karungu ndiko kulikowekwa boma la Serikali la upande huu, kwa sababu meli iliweza kulifikia. Halafu mwaka 1907 makao yakahamishiwa Kisii, juu, penye baridi. Vita Kuu ilipoanza, Wajerumani walivuka mpaka, na mwezi wa Septemba 1914 meli Winifred ilikuja Karungu kushusha askari. Chombo kidogo cha Wajerumani kilichoitwa Muansa kiliifyatulia mizinga, nayo ikalazimika kurudi nyuma. Siku chache baadaye ilirejea pamoja na Kavirondo, na safari hii askari wakashuka. Nilimsimulia habari hiyo kijana aliyekuwa akinichomea ngege. Alinitazama kama niliyemletea hadithi ya sungura na fisi, kisha akaniuliza kama napenda pilipili.

Siku ya pili nilifika Muhuru, mwisho wa safari yangu na karibu na mwisho wa Kenya. Ni ncha ya nchi iliyoingia ziwani, ina mawe makubwa, na upepo wake hauna kizuizi, kwa maana hapa ghuba imekwisha na mtu analitazama ziwa lenyewe. Katika ziwa hili Kenya ina sehemu 6 tu katika 100. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Mpaka wa huku uliamuliwa Ulaya na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1886, ukaendelezwa juu ya maji mwaka 1890, na walioamua hawakuja kuuliza nani ni ndugu ya nani. Wajaluo wako pande zote mbili. Mtu wa Muhuru huoa Rorya, humpeleka mgonjwa wake Shirati, na ana jamaa wenye noti za picha nyingine. Tena kutoka pwani hii vyombo huenda kisiwa cha Migingo, lile jiwe dogo lililoezekwa mabati, ambalo Kenya na Uganda zimekuwa zikilibishania tangu miaka ya 2000 kwa sababu ya mbuta wanaopatikana karibu nalo.

Kwa hiyo Muhuru una safari za ng'ambo kweli kweli, pengine kuliko Homa Bay ya utoto wangu. Nilikwenda pwani alfajiri, saa kumi na mbili, nikakuta chombo kirefu cha mbao chenye mashine nyuma, na watu saba wameketi ndani. Maboya ya kuvaa yalikuwa manne, yamefungwa pamoja kwa kamba, fundo lake limekaza. Wengi wamekufa maji katika ziwa hili kwa vyombo vya namna ile, nami sikuweza kuacha kulitazama fundo lile.

Pembeni alisimama mama mmoja mwenye sanduku kubwa la barafu aliyoileta usiku kutoka Migori, akiwa safarini visiwani kununua mbuta. Nilimwamkia, nikamwuliza chombo kinaondoka saa ngapi.

“Hiki hakina saa, mzee,” akasema. “Kina watu. Wakitimia kumi na watano, kinaondoka.”

Kufikia saa mbili walikuwa tisa. Jua lilipanda. Mama yule alifungua kizibo cha sanduku, maji yakatoka, akakifunga tena. Saa tatu akafanya vivyo hivyo, na maji yalikuwa mengi zaidi. Alinieleza bila hasira kwamba barafu ikipungua kupita kiasi itambidi anunue samaki wachache, maana wengine wataharibika kabla hajarudi. Na kwamba juma lililopita alipata hasara hivyo hivyo. Nilimwuliza kwa nini asichelewe kuja. Akasema siku atakayochelewa ndiyo siku ambayo watu watatimia mapema.

Saa nne na nusu walikuwa kumi na watatu. Mama alihesabu fedha zake mara mbili, akaenda kwa nahodha, akalipa nafasi mbili zilizobaki wazi. Vijana wakalisukuma sanduku ndani, mashine ikanguruma, na chombo kikageuka kuelekea visiwani.