Gitaa Lenye Jina la Mtu Mwingine



Kwa kuwa habari za gitaa lililofika nyumba ya mapadre zimekwisha kuzunguka jumuiya zote, na katika kuzunguka huko zimeongezeka uzito, naona ni vema juma hili niwaeleze mwenyewe. Ni kweli, lipo. Ni gitaa la umeme, jekundu, jipya. Nimepewa na ndugu zangu wa damu, ambao walichanga kwa muda mrefu pasipo mimi kujua, ili kuadhimisha miaka 15 ya upadre wangu. Mdogo wangu aliyeko Uingereza ndiye aliyelinunua na kulipakia. Bei yake ni mishahara ya mwalimu ya miezi kadhaa. Sikuomba, lakini pia sikulikataa.

Wanaofahamu magitaa wameniambia kwamba hili ni la toleo maalumu, maana yake yalitengenezwa machache kwa hesabu, na tena lina jina la mpigaji mashuhuri, Brian May wa kundi la Queen. Huko duniani desturi hii ina umri mkubwa. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la umeme lenye jina la Les Paul, na hadi leo linatengenezwa, ingawa mwenye jina alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 94. Les Paul huyo hakuazimisha jina tupu. Zamani kabla ya hapo alikuwa amechukua gogo la mbao ya msonobari, akalifunga nyuzi na sumaku, akawa anapiga huku watu wakicheka. Mwaka 1948 alipata ajali ya gari, kiwiko cha mkono wake wa kulia kikapondeka. Madaktari walipomwambia kwamba mkono hautakunjika tena, aliwaomba waugandishe katika pembe itakayomwezesha kushika gitaa. Jina lake lilikuwa limelipiwa kabla ya kuandikwa juu ya ubao.

Yupo pia Eric Clapton. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunganisha vipande vya magitaa matatu makuukuu akapata moja jeusi, akalipiga kwa miaka mingi hadi rangi ikamomonyoka. Mwaka 2004 liliuzwa mnadani New York kwa dola 959,500, na fedha zikaenda katika kituo alichokianzisha kisiwani Antigua kwa ajili ya kuwahudumia walionaswa na ulevi na dawa za kulevya. Mwaka 2006 kampuni ya Fender ikatengeneza nakala 275 za gitaa hilo, na mafundi wakanakili kila kitu: mikwaruzo, madoa, hata alama za kuungua kwa sigara. Mtu akalipa dola maelfu kununua uchakavu ambao hakuuchakaza yeye.

Nilipoyafahamu hayo nilitaka kujua gitaa langu ni nakala ya nini. Ndipo nikakutana na habari ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya niandike tafakari hii.

Mwezi Agosti 1963, katika kitongoji kimoja cha magharibi mwa London, kijana Brian mwenye umri wa miaka 16 alitamani gitaa la umeme, na fedha za kulinunua hazikuwapo nyumbani. Baba yake, Harold, alikuwa fundi wa mambo ya elektroniki, mtu ambaye hata televisheni ya nyumbani aliitengeneza kwa mikono yake. Basi wakakubaliana walitengeneze wao wenyewe. Shingo ya gitaa waliichonga kutoka katika ubao wa meko ya kuotea moto uliokwisha kuishi takriban miaka mia, wenye mashimo ya wadudu, nao wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka katika meza kuukuu ya mwaloni. Springi zilikuwa za injini ya pikipiki ya zamani. Mkono wa chuma wa kutetemesha sauti ulitoka katika kishikizo cha mkoba wa baiskeli, na ncha yake ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Mama huyo huyo alitoa vifungo vya gamba la chaza, vikasuguliwa na kupandikwa shingoni kuwa alama za vituo vya vidole. Kazi ilichukua takriban miaka miwili, na gharama yote haikuzidi sana pauni 8. Gitaa hilo ndilo alilolipiga juu ya paa la ikulu ya Buckingham mwezi Juni 2002, mbele ya umati wa watu, na ndilo ambalo langu, lililotoka kiwandani, limefanana nalo kwa sura.

Lakini habari haiishii hapo. Kijana alikuwa pia msomi wa fizikia ya nyota. Alipoyaweka kando masomo yake ya uzamivu ili afuate muziki, baba yule yule aliyeshika randa na msasa pamoja naye aliumia sana moyoni. Aliona mwanawe anautupa mustakabali wake. Kwa muda uhusiano wao ulikuwa mgumu. Ni mwaka 1977 tu, mwana alipowasafirisha wazazi wake hadi New York wakaliona kundi lake likipiga katika ukumbi wa Madison Square Garden, ndipo mzee alipokiri kwamba sasa ameelewa. Harold alifariki mwaka 1988. Mwanawe alirudi darasani baadaye, akahitimu uzamivu wake mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 60.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu: kwamba inawezekana mzazi akakupa chombo kwa mikono yake, kisha akaogopa mahali chombo hicho kitakapokupeleka. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa hivyo. Jioni aliketi barazani na redio yake, na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zilipopigwa, alinyamazisha nyumba nzima ili azisikilize. Hata hivyo, aliposikia kwamba nilikuwa najifunza gitaa seminari ndogo, aliniandikia kwamba gitaa ni njia iendayo baa. Nilipomwomba fedha za kununulia nyuzi, alizituma, na katika barua hakuzitaja kabisa. Aliandika kuhusu hesabu na Kilatini. Siku ya daraja langu kwaya ilipopiga, nilimwona mguu wake ukifuatisha mapigo. Hatukuwahi kuzungumza juu yake, na sasa hatutazungumza tena upande huu wa kaburi. Ndugu zangu waliokua pamoja nami barazani pale wanayafahamu haya yote. Kwa hiyo walipochagua gitaa badala ya kalisi au kanzu, nilielewa walichokuwa wakisema kwa niaba ya mzee.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo alinisubiri mlangoni. Ni mama ninayemheshimu, hakosi usafi wa kanisa wala zamu ya kutembelea wagonjwa. Akaniambia kwa upole, “Baba Paroko, samahani, mimi sijui mambo ya muziki. Lakini paa la kigango chetu linavuja. Kitu kile kingeuzwa, je, mabati yasingepatikana?”

Wapo watakaokumbuka haraka kisa cha Bethania, cha marhamu ya thamani na yule aliyelalamika kwamba ingeuzwa wapewe maskini. Mimi sikuthubutu kumjibu mama yule kwa kisa hicho. Mlalamikaji wa Bethania alikuwa mwizi wa mfuko, lakini mama huyu hutoa katika mfuko ule hata anapokuwa hana. Swali lake ni la haki, na padre anayelikasirikia ana jambo la kujiuliza.

Jibu langu ni hili. Zawadi iliyotoka katika jasho la ndugu zangu si yangu kuigeuza mabati bila wao. Niliwauliza, wakaniomba nisiiuze. Mabati tutayachangia wote, na mimi nitaanza. Lakini mama yule amenifundisha upande wa pili: kitu cha thamani kisichouzwa lazima kitumike, la sivyo kinakuwa sanamu. Wapo duniani wanaonunua magitaa ya namna hii na kuyafungia kabatini pamoja na cheti chake, kwa kuwa mkwaruzo mmoja hupunguza bei. Gitaa la umeme lililofungiwa ni ubao tu. Sauti yake haimo ndani ya mbao. Uzi wa chuma hutetemeka juu ya sumaku, sumaku hiyo iliyozungushiwa waya huzaa umeme mdogo, kikuza sauti kikaukuza. Pasipo kidole kinachogusa uzi, hakuna kitu. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nami naongeza kwamba jina la Brian May lililoandikwa hapa halijanisaidia kupiga hata wimbo mmoja vizuri zaidi ya nilivyopiga juzi kwa gitaa langu kuukuu.

Niseme pia, ili kuondoa hofu ya wazee wa kwaya, kwamba gitaa hili halitavamia Misa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1963 kuhusu Liturujia, ulikipa heshima ya pekee kinanda cha filimbi, ukaruhusu na vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, iwapo vinafaa kwa ibada na kuwajenga waamini. Kufaa huko hakutokani na bei wala jina lililo juu ya chombo. Tutapima taratibu pamoja na kamati ya Liturujia.

Kwa sasa, kuanzia Jumamosi hii saa 10 jioni, gitaa litakuwa ukumbini, na kijana yeyote wa parokia, wa kike au wa kiume, atakayekuja na mikono safi atalishika. Mwenye kujua atamfundisha asiyejua. Likikwaruzika, limekwaruzika kwa kazi, na mkwaruzo huo utakuwa wetu wenyewe, si wa kunakili.

Nanyi wazazi, hasa akina baba, nina ombi kwenu. Mtoto akikuomba ubao, msumari, au fedha za nyuzi, mpe kama uwezavyo. Kisha, siku akipiga, nenda ukamsikilize. Usipopendezwa, mwambie. Ukipendezwa, mwambie pia, kwa mdomo wako, ungali hai.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.

Paroko wenu.