Mlango wa Msikiti wa Kabanga: Tuupake Rangi au Tuuache Ulivyo?

Msafiri atokaye Biharamulo kwenda Ngara hupita Lusahunga, akafuata barabara kuu mpaka Nyakasanza. Hapo njia hugawanyika: moja huenda Rusumo, mpaka wa Rwanda, na ya pili hupita Ngara ikaishia Kabanga, mpaka wa Burundi. Ng'ambo yake ni Kobero. Nchi hii ya Wahangaza ni nchi ya vilima, migomba na ng'ombe. Malori ya shehena yatokayo Dar es Salaam husimama Kabanga yakingoja zamu, na madereva, ifikapo saa ya sala, hutafuta maji ya kutawadha na mahali pa kusujudu.

Tulifika huko mwishoni mwa Agosti, wakati vumbi jekundu limetanda juu ya kila jani. Jamaa wa msikiti mmoja mdogo walitukaribisha vizuri sana, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini baada ya sala ya Alasiri tuliona kuwa wamegawanyika makundi mawili. Sababu ilikuwa mlango.

Mlango huo ulikuwa umelazwa ukumbini juu ya magunia. Mzee mmoja wa hapo, seremala tangu ujana wake, aliuchonga kwa mninga uliotoka misitu ya Biharamulo: maua na mizabibu katika miimo, na duara za nakshi katika mfaa. Hapana sura ya kiumbe chenye roho. Macho yake yamekwisha kuingia ukungu, na wote walijua kuwa hatachonga mwingine. Vijana nao, ambao hupata riziki yao kwa kupakia na kupakua mizigo mpakani, walichanga fedha wakanunua makopo mawili ya rangi ya mafuta ya kijani. Nia yao ilikuwa njema: wautie mlango pambo, nao wapate fungu lao katika thawabu.

Kijana mmoja alituambia, "Mlango wa nyumba ya Mungu haufai kukaa uchi. Kijani ndiyo rangi yetu Waislamu, na rangi huzuia mvua." Mzee wa makamo akamjibu, "Mwanangu, mkipaka rangi, nani atauona mninga? Nakshi zitajaa rangi kama mtaro ujaavyo tope." Tulimgeukia fundi mwenyewe. Alisema tu, "Mimi nimemaliza kazi yangu. Mlango ni waqfu, shaurianeni." Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya nakshi, akizipapasa.

Wasomaji wetu watukufu, jambo hili si dogo kama lidhaniwavyo. Jamaa wengi wamefarakana kwa madogo kuliko hilo. Yatupasa basi tulitazame kwa elimu.

Katika dini hatukuona amri ya kuwa mlango wa msikiti uwe wa kijani. Ni kweli Qur'ani yataja mavazi ya kijani ya watu wa Peponi, lakini hayo ni mavazi yao huko, si sharti la mbao zetu. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Sayyidna Umar, alipoamrisha msikiti ujengwe, alimwagiza mjenzi awakinge watu na mvua, akamtahadharisha na rangi nyekundu na ya manjano zisije zikawashughulisha. Hakukataza mapambo yote. Alichochunga ni moyo wa mwenye kusali. Baada yake Sayyidna Uthman aliujenga upya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) kwa mawe ya nakshi na sakafu ya juu ya msaji. Basi uzuri wa mti na wa nakshi una nafasi yake.

Wala ada za watu si moja. Ukivuka Rusumo ukaingia Rwanda, huko Nyakarambi, utakuta kazi iitwayo imigongo: samadi ya ng'ombe hufinyangwa juu ya ubao kwa mistari, kisha ikatiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Bila ya rangi kazi hiyo haijaisha. Na katika pwani yetu, milango ya namna ya Siyu, kisiwani Pate, nakshi zake zilitiwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Lakini hizo zilichongwa kwa kutarajia rangi. Mzee wa Kabanga alichonga akifuata mishipa ya mninga, na rangi ya mti huo, kahawia yenye wekundu, ndiyo aliyoihesabu tangu patasi ya kwanza.

Imebaki hoja ya mvua. Rangi ya mafuta hukaa juu ya mti kama ngozi. Mti ukiwa haujakauka sawasawa, maji yaliyomo hutafuta njia, ngozi ile ikafura na kubanduka. Mafuta ya mbegu za kitani huingia ndani ya mti, lakini jua na mvua huyala kidogo kidogo, na asiyeyarudia ataona mti wake umegeuka kijivu. Wala rangi wala mafuta hayo hayamzuii mchwa. Kinachosaidia ni kuinua kizingiti mbali na udongo, na kuchagua kiini cha mti mgumu.

Tuliwapa jamaa shauri moja tu. Kilichoachwa bila rangi leo chaweza kupakwa kesho; lakini rangi ikisha kuingia katika nakshi, kuitoa ni kuzila nakshi zenyewe kwa msasa. Basi wachukue kipande kilichobaki cha mninga uleule, nusu wakipake rangi, nusu mafuta, wakiweke juu ya ukuta mvua zote za vuli. Wakaridhia.

Tulirudi mwezi wa Januari. Upande wa rangi ulikuwa umefura mahali pawili na kuonyesha ufa. Upande wa mafuta ulikuwa umefifia kidogo, lakini mzima. Kijana yule aliyetaka kijani ndiye aliyekwenda kuuleta mlango. Waliupaka mafuta mara tatu, kila mara wakingoja ukauke, na vitambaa walivitandaza nje. Maana vitambaa vyenye mafuta hayo vikikunjwa vikatupwa pembeni vyaweza kuwaka moto vyenyewe. Rangi ya kijani haikupotea: ilipakwa madirisha ya madrasa, ambayo ni ya mkaratusi mkavu wa miaka mingi.

Kisha vijana waliahidi kuupaka mlango mafuta kila mwaka kabla ya mvua. Hapo ndipo mzee alipocheka kwa furaha, kwani aliona kuwa mlango umepata wenyewe wa kuutunza baada yake. Kuuacha mti ulivyo si kuutupa. Ni kujifunga kuutumikia.

Enyi wazazi na vijana, katika nyumba zenu hapakosi kitanda, sanduku au mlango wa marehemu babu. Kabla hamjafungua kopo, tazameni mti ni gani, umekauka au la, na aliyeuchonga alikusudia nini. Jaribuni kwanza katika kipande, na shaurianeni. Mungu atujaalie tuzitunze amana zetu. Amin.